Greda la Atupele Linakuja

Benchi la Ferista lipo Chapwa, Tunduma, kando ya barabara kuu, pale malori ya kwenda Zambia yanapoanza kupanga foleni. Ferista huuza kahawa ya Mbozi, na wateja wake hawamalizi kikombe bila ubishi. Alasiri hiyo walikuwa watatu. Dola, mbadilisha fedha. Breki, aliyeendesha malori mpaka magoti yakakataa. Katikati yao alikaa Lusubilo, waliyembatiza Setilaiti, kwa kuwa kampuni ya barabara imemwajiri kufuatilia mitambo kwenye kishikwambi: kila mtambo una antena, na kila antena ni nukta kwenye ramani. Nukta aliyoikodolea macho ilikuwa greda, mtambo wa kusawazisha barabara, linaloendeshwa na mkewe, Atupele, aliyekuwa Isoka, ng'ambo ya mpaka, tangu mvua za mwaka jana.

Kazi ya Isoka ilikwisha Jumapili. Waendeshaji waliambiwa wachague: kurudi nyumbani, au kwenda Kasama kwa mkataba mpya. Atupele hakusema amechagua nini. Tangu siku hiyo simu yake haipatikani.

— Imesogea, alisema Lusubilo.

— Upande gani? akauliza Dola.

— Huku. Inakuja huku.

Ferista akaweka birika chini.

— Si nilisema mimi! Mwanamke gani ataacha nyumba yake aende Kasama?

— Inakwenda mwendo wa gari, alisema Lusubilo. Greda wamelipandisha kwenye lobedi, lile trela la kubebea mitambo. Lakini halikimbii.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Breki. Lobedi halikimbizwi.

— Breki, hiyo methali ni ya akiba, alisema Dola.

— Na mafuta ya lori si akiba? Kunywa kahawa.

Dola akasogea karibu na kioo cha kishikwambi.

— Hebu nifafanulie, Setilaiti. Wewe upo Chapwa, shemeji yupo Isoka. Mnafanyaje kazi moja?

— Namtumia mchoro wa barabara kutoka hapa. Skrini ya greda inaupokea palepale. Akianza kusukuma udongo, bledi, lile bapa la chuma la chini, linapanda na kushuka lenyewe kufuata mchoro. Halikosei hata unene wa ukucha. Pakiwa na shida ananiita kwa redio.

— Lenyewe! Sasa shemeji anafanya nini humo ndani?

— Anaendesha, bwana. Greda haliwezi kukwepa ng'ombe kwa mchoro.

Kuna jambo Lusubilo hakuwaambia. Kila mchana nukta ile ilikuwa ikitoka barabarani na kutulia pembeni, na yeye, ndani ya kontena la ofisi, ndipo alipofungua chakula chake. Walikula pamoja namna hiyo miezi yote, na Atupele hakujua.

— Ukiona vyaelea, vimeundwa, alisema Breki akitazama angani. Sasa sikilizeni niwaambie. Mtambo humzoea mtu. Scania yangu ikifika Mlowo ilikuwa inapunguza mwendo yenyewe, kwa sababu mama watoto alikuwa anakaa pale.

— Mama watoto yupi? aliuliza Ferista.

— Usinivuruge. Greda limemwona mwanamke ana mawazo, limegeuza.

— Zaidi ya hapo, alisema Dola. Lina kompyuta. Limeshasoma mkataba wa Kasama, limeona hauna maana, limekataa kuwaka mpaka lielekezwe Tunduma. Leo jioni litapiga honi mlangoni kwako.

— Na ugali litakula, alisema Ferista.

Lusubilo alicheka nao. Alicheka kuliko wote.

Mwanamke mmoja wa Nakonde, upande wa Zambia, aliyekuja kununua mchele, alikuwa ameketi mwisho wa benchi na kikombe chake. Alikuwa amewasalimia, "Mulishani mukwai," kisha akawa anasikiliza tu.

— Samahani, baba, alisema. Huyo mke wako yumo kwenye hilo lori?

Dola akatazama barabara.

Tangu nukta iliposogea, Lusubilo alijua kwamba haiwezi kujibu swali hilo. Antena imefungwa kwenye paa la greda, haikufungwa kwa Atupele. Lobedi hubeba dereva na utingo wake. Waendeshaji husafiri kwa basi, na mabasi ya kwenda Kasama yapo pia. Greda lingeweza kurudi Chapwa likiwa tupu.

— Hakusema, mama, alijibu mwishowe.

Akasimama.

— Unakwenda wapi? aliuliza Ferista. Si umesema halikimbii?

— Mpakani. Mabasi nayo yanapita palepale.

— Na hii je? Dola akainua kishikwambi.

— Kaa nacho.

Alivuka barabara, akapita katikati ya malori mawili, akapotea. Kwenye benchi nukta iliendelea kuja, na hakuna aliyeitazama.