Mama Rangi na Kinamasi Kinachoungua

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Mchana huu hatuanzi na muziki. Binti wa marehemu ameomba tuanze kimya kimya, nami nimemkubalia. Kama una redio jikoni, iongeze sauti kidogo, maana habari hii ni ya kila mtu anayevuta hewa.

Tunamkumbuka mama mmoja aliyefanya kazi katika ofisi ya mipango ya kanda. Ofisini walimwita Mama Rangi. Ungemuulizia mtaani kwa jina hilo wangekuelekeza kwenye duka la rangi za nyumba, lakini rangi zake zilikuwa za ramani. Kijani ilikuwa msitu. Njano, mashamba. Buluu, maji. Nyeupe ilikuwa ardhi isiyo na kazi. Mama Rangi alikuwa mchoraji ramani, na mpango wa ardhi wa wilaya zetu tatu aliupaka yeye kwa mkono wake. Amefariki wiki iliyopita kwa ugonjwa wa mapafu. Narudia, ni mapafu, na kilichoyamaliza ni moshi. Moshi huo ulitoka wapi, ndilo nitakalowaeleza. Na nisiwafiche, habari hii haina nafuu huko mbele, kwa hiyo mwenye machozi ya karibu ajiandae.

Mama Rangi alizaliwa pembeni mwa kile kinamasi kikubwa cha wilaya ya chini. Matete yake yalikuwa marefu kumpita mtu mzima. Ardhi yake ilikuwa laini, nyeusi, imejaa maji, na ukiikanyaga inatikisika. Mdogo wake wa kiume, ambaye leo ni mkulima kulekule, aliniambia huo ndio uliokuwa mchezo wao.

"Dada alikuwa anaruka kule mbali, mimi nimesimama huku, natikisika," alisema. "Nikianguka ananicheka mpaka anakaa chini. Mama akituita tunajifanya hatusikii."

Akaenda shule, akawa hodari wa kuchora, akaajiriwa kwenye ofisi ya mipango. Chumba chao kilikuwa na meza moja ndefu, feni inayozunguka inapojisikia, na ukuta mzima wa ramani. Mkuu wa ofisi alikuwa mtu wa haki, mkali kidogo, na alikuwa na sheria moja ambayo kila mgeni aliambiwa siku ya kwanza: chora ulichokiona, usichore unachokijua. Alikuwa na sababu. Zamani kila mchoraji alikuwa akipanua shamba la mjomba wake na kuhamisha mto usipite kwa shemeji. Kwa hiyo wote walikwenda kuona kwanza, ndipo wakachora.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika. Walikwenda kuona wakati wa kiangazi tu. Gari la ofisi liliwahi kuzama kwenye tope wakati wa mvua, na dereva akaapa hatalipeleka tena huko mpaka njia zikauke. Basi kila mwaka wapima na wachoraji walikwenda njia zikiwa kavu. Na mwaka ule wa kuchora mpango ulikuwa wa ukame. Walipofika kinamasini waliona matete makavu, udongo uliopasuka, na mbuzi wa mtu wanatembea katikati.

Mama Rangi alimwambia mkuu kwamba hapo pana maji, yako chini kidogo, na mvua ikinyesha yanapanda. Akasema yeye amezaliwa hapo. Mkuu akamuuliza kwa upole kama ameyaona maji hayo siku ya kupima. Akasema hapana. Mkuu akamkumbusha sheria, na yeye, msichana mpya kazini, hakutaka kuonekana anaipendelea nyumba yao. Akakaa kwenye meza ndefu akakipaka kinamasi rangi nyeupe. Nyeupe, wasikilizaji wapendwa. Ardhi isiyo na kazi.

Mpango ukapitishwa. Na mpango ukishapitishwa, ramani ndiyo inayosema. Wilaya ya chini ikaona nyeupe, ikachimba mifereji kukausha kinamasi, ikagawa mashamba. Wilaya ya juu nayo ikaona nyeupe, ikasema kama huko chini hakuna kazi ya maji basi mto tuuzuie sisi, tumwagilie mpunga. Wakajenga bwawa. Hakuna aliyeiba wala aliyedanganya. Walisoma ramani tu.

Tena watu walifurahi. Udongo ule mweusi ulitoa vitunguu vikubwa kama ngumi. Mdogo wake Mama Rangi alipata shamba, akajenga nyumba ya bati, akaoa. Kila mavuno alimpelekea dada yake gunia. Na dada mtu alikula vitunguu hivyo kwa raha zake, binti yake ni shahidi, akawa anajisemea kwamba labda mkuu alikuwa sahihi.

Miaka ikapita. Siku moja akaja mtaalamu wa udongo, mwanamke mchangamfu, na ofisi ikamtuma Mama Rangi amtembeze. Mtaalamu alikuwa na chuma kirefu chenye tundu. Walifika kwenye kona moja ambayo mifereji ilikuwa haijaifikia, akakididimiza ardhini, wakakivuta wote wawili. Kilitoka na udongo mweusi, na ndani ya udongo kulikuwa na majani. Majani mazima, na kijiti chenye gome lake. Mtaalamu akamweleza kwamba majani yale yalianguka kabla ya babu wa babu zetu kuzaliwa. Maji ndiyo yaliyoyazuia yasioze. Kaboni yote iliyokuwa ndani ya miti ya zamani hizo imelala mle chini ya maji, ghala zima. Ukiyaondoa maji, ghala linafunguka, kaboni inarudi hewani, na dunia ambayo tayari ina joto inazidi kupata joto.

Mama Rangi akamuuliza kuhusu upande uliokwisha kaushwa. Mtaalamu akamjibu bila kuzunguka kwamba ule unaungua polepole hata bila moto, na siku ukipata moto hautazimika.

Binti yake, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, anaikumbuka jioni ile. Mama alirudi, hakuvua viatu, akakaa kitandani ameshika tama. Alipoulizwa amekuwaje, akasema amepaka rangi mbaya.

Kuanzia hapo hakutulia. Alimwendea mkuu wake, ambaye sasa alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu, na mzee wa watu alimsikiliza mpaka mwisho, akainamisha kichwa, akasema ni kweli. Lakini kubadilisha rangi kwenye mpango wa kanda si kazi ya mkuu wa ofisi. Lazima wilaya zote tatu, ya chini, ya juu na ya mjini, zikae kikao kimoja, na wajumbe watimie. Kumbukeni hilo: wilaya zote tatu, kikao kimoja.

Akaenda kwanza kwa wakulima wa kinamasini, kuwaomba mifereji izibwe kabla moto haujaingia. Alisema watafutiwe ardhi nyingine kwanza, hakutaka mtu afukuzwe. Wakakutana kwenye ghala la vitunguu. Na aliyesimama kumpinga, wasikilizaji wapendwa, alikuwa mdogo wake wa tumbo moja.

"Dada, wewe unakula mshahara," alimwambia mbele ya watu. "Mimi nakula mfereji huu. Ukiuziba, na midomo ya wanangu uizibe."

Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Mama Rangi akakunja ramani yake akaondoka. Magunia ya vitunguu yakakoma. Wakawa hawasalimiani, na watoto wa yule kaka yake mdogo wakawa wanamtembelea shangazi yao kwa kujificha.

Kiangazi cha mwaka uliofuata mtu mmoja alichoma mabua shambani, kama watu walivyokuwa wakichoma miaka yote. Moto ukawaka, ukafifia, akaenda zake akijua umezimika. Haukuzimika. Ulishuka chini. Baada ya siku kadhaa moshi ukaanza kutoka kwenye shamba la jirani, halafu la jirani wa jirani, na juu hakuna mwali hata mmoja. Ulikuwa unatambaa ndani ya udongo ule mweusi, unakula yale majani ya zamani. Ng'ombe wa yule kaka alikanyaga mahali palipoonekana pazima, mguu ukazama kwenye majivu ya moto. Ilibidi wamchinje palepale.

Asubuhi iliyofuata yule kaka alikwenda kwa dada yake. Hakuingia ndani. Alikaa kizingitini, na dada yake alipofungua mlango akamkuta.

"Dada," akasema, "nionyeshe pa kuziba."

Kaka huyo ameniruhusu niwaambie kwamba alilia pale mlangoni. Anasema dada yake hakumwambia hata neno moja la kumsuta. Alimpa chai, akachukua ramani, wakatoka.

Waliziba mifereji. Wakulima walewale waliopiga makofi walibeba viroba vya udongo na magogo, na Mama Rangi mbele yao amefunga kitambaa mdomoni, anaonyesha: hapa, na hapa, na pale penye mteremko. Walifanya kazi hiyo ndani ya moshi kwa wiki nyingi, na kila jioni alirudi nyumbani macho mekundu, anakohoa. Mifereji ikazibika barabara. Wakakaa wakangojea maji yapande.

Hayakupanda. Mvua zilikuwa haba, na mto uliokuwa ukikinywesha kinamasi ulikuwa umefungiwa juu, kwenye bwawa, kwa sababu ramani ilisema huku chini hakuna kazi ya maji. Walikuwa wameziba mifereji isiyo na maji. Mkulima mmoja alitupa koleo chini akasema sasa wamebaki na kumwachia Mungu. Mama Rangi akasema imebaki wilaya ya juu.

Basi akaanza kuhangaikia kile kikao. Alitaka jambo moja tu: bwawa lifunguliwe kwa msimu mmoja, kinamasi kinywe, moto ufe. Kikao cha kwanza wajumbe hawakutimia. Cha pili walitimia, wale wa juu wakasema mpunga umechanua, maji yakiondoka sasa wamekwisha. Mama Rangi hakuwachukia. Alikuwa akimwambia binti yake kwamba wale nao wana watoto wa kulisha, na aliyewapa maji hayo ni yeye, kwa rangi nyeupe. Kikao cha tatu kikaahirishwa. Yeye alikwenda vyote, na kikohozi kikizidi, mpaka wajumbe wakawa wanasogeza viti mbali naye.

Binti alimsihi apumzike, angalau asirudi kwenye moshi. Mama alimjibu kwamba akikaa nyumbani bado anakiona kile kinamasi, kwa hiyo ni afadhali akione akiwa amesimama pale. Alikwenda hadi miguu ilipomgomea. Akalazwa.

Wodini kitanda chake kilikuwa karibu na dirisha, na manesi walilifunga kwa sababu ya moshi, maana hata mjini sasa ulikuwa unafika. Alikuwa anapumua kwa msaada wa oksijeni. Siku ile kilikuwa kimepangwa kikao cha nne. Binti alikwenda kwanza kwenye ukumbi wa mikutano, akakuta mlango una kufuli, ndipo akaja hospitali. Mama alimwangalia tu alivyoingia. Akauliza, "Wamekaa?"

Binti alinisimulia haya akiwa kwenye kiti hikihiki nilichokalia, mnachokisikia kikilia hapa studio.

"Nilimwambia, bado, mama. Akageukia ukutani. Alasiri akaondoka. Mimi ni mwalimu, nawakataza watoto kusema uongo kila siku. Lakini ningemwambia wamekaa, ningepungukiwa nini? Niambieni, ningepungukiwa nini?"

Nikamsogezea maji, akanywa.

Familia ikaamua kumzika nyumbani, pembeni mwa kinamasi, kwenye kile kipande kilichoinuka ambapo mama yake mzazi amelala. Wakulima wakaja na majembe, wote, bila kuitwa. Walipofika kiunoni udongo ukawa wa moto. Walipochimba tena kidogo moshi ukatoka. Wakahamia hatua chache pembeni, wakachimba upya, moshi ukatoka tena. Yule kaka aliingia shimoni mwenyewe akaweka kiganja chini, akakitoa haraka. Jeneza lilikuwa tayari limeshafika, liko kwenye gari, na waombolezaji wamesimama wamefunika pua. Ikabidi gari ligeuzwe. Mama Rangi amezikwa mjini, kwenye makaburi ya manispaa, kati ya watu asiowajua.

Kwa binti yake, kwa mdogo wake, kwa watoto waliompenda shangazi yao kwa kujificha, na kwa wenzake wa ile meza ndefu: poleni. Poleni sana. Sina namna ya kuwapunguzia, nasema poleni kwa sababu ndilo neno tulilo nalo. Mungu amlaze pema.

Nasi tuliobaki, tujiulize. Wewe mjumbe ambaye hukufika, unanisikiliza, najua unanisikiliza. Wewe wa wilaya ya juu mwenye mpunga, na wewe wa mjini uliyefunga dirisha ukadhani moshi umebaki nje. Kikao hakijakaa. Bwawa halijafunguliwa. Ninavyoongea sasa hivi, kule chini bado kunaungua, na yule mkulima, mdogo wake Mama Rangi, jana alinisindikiza mpaka mlangoni hapa akaniomba niseme jambo moja hewani kwa niaba yake, nami nalisema kama alivyolisema:

"Dada tumemtoa. Mama yetu bado amelala kule."