Mwalimu Kaltumu na Somo la Kulinganisha

Wasikilizaji wapendwa, jioni njema kwenu mlioko Arua mjini, Koboko, Logiri na ng'ambo ya mpaka. Sauti yangu leo imechoka, mnivumilie. Jana nilikuwa mazishini, Dranya. Tumemzika Mwalimu Kaltumu. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: Mwalimu Kaltumu wa Dranya, aliyefundisha Kiingereza kule Oli, hatunaye tena. Ni presha. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja.

Wengi wenu mnamkumbuka kwa somo moja, somo la kulinganisha. "Big, bigger, the biggest." Alilifundisha miaka kumi na sita. Alilichoka, na alisema wazi kwamba amelichoka. Lakini kila muhula alianza nalo. Leo nitawaeleza kwa nini. Wenye habari hii wameniruhusu.

Mwaka 1979 Kaltumu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Koboko. Mumewe, Kamisi, alikuwa askari. Serikali ilipoanguka, Kamisi hakurudi, na hakuna aliyeleta habari zake. Mwaka uliofuata vita vikafika kwetu. Kaltumu alimfunga binti yake Afisa mgongoni, akatembea mpaka Sudan. Cheti chake cha ualimu kiliungua pamoja na nyumba.

Kambini kulikuwa na hema la matibabu na nesi mmoja wa kigeni. Wakati wa mvua, mwaka 1981, mkalimani akashikwa na malaria. Nesi akabaki peke yake na foleni ndefu. Akawa anawauliza wagonjwa neno moja tu: "Better?" Maana yake, umepata nafuu kuliko jana?

Katika foleni ile alikuwepo mama mmoja, jina lake Poni. Alikuwa amembeba mwanawe, Loro, wa miaka miwili. Loro ana homa. Siku ya kwanza alipewa vidonge. Siku ya pili nesi akauliza, "Better?" Poni hakujua Kiingereza. Alidhani anasalimiwa. Akaitikia kwa adabu, "Better." Nesi akaita mwingine. Siku ya tatu mtoto amefunikwa shuka mgongoni, hata kulia halii. "Better?" "Better." Nesi akaita mwingine.

Loro alikufa siku hiyo hiyo, kabla ya saa kumi.

Wiki iliyofuata Kaltumu alianza darasa chini ya turubai. Halikuwa darasa la watoto. Lilikuwa la akina mama. Poni alikuja siku ya kwanza, akakaa mbele.

Afisa alikuwa mdogo, lakini anakumbuka. "Mama alikuwa nasimamisha wanawake wawili," aliniambia. "Anasema, huyu iko 'taller than' yule. Halafu anaita wa tatu. Sasa huyu ndiyo 'the tallest'. Wawili, neno hii. Watatu, neno ile. Kila siku."

Wasikilizaji wapendwa, sisi tunasema mrefu, mrefu kuliko yule, mrefu kuliko wote. Neno "mrefu" halibadiliki. Kiingereza hubadilisha neno lenyewe. Neno fupi huongezewa kipande mwishoni, "taller", "tallest". Neno refu hutanguliwa na "more" au "most". Lakini huwezi kuweka vyote viwili. Na mengine hugeuka kabisa: "good, better, best". "Bad, worse, worst." Hilo la mwisho aliwaimbisha mpaka midomo ikauma. "Worse than yesterday." Amezidiwa kuliko jana. Mama aliyeshindwa kulisema hakuruhusiwa kuondoka.

Alirudi nyumbani 1986. Mwaka 1988 akapata kazi Oli. Mkaguzi mmoja akamwomba cheti. Hakuwa nacho. Basi akaandikwa mwalimu asiye na cheti, na akabaki hivyo mpaka kufa. Hakubishana. Mimi nilikaa darasani kwake. Niliandika "more better", akanirudishia daftari. "Unabeba mzigo mbili ya nini?" akaniuliza. "'Better' peke yake inatosha. Rudia." Nilirudia mara arobaini.

Miaka ya tisini zamu ikageuka, wakimbizi wakawa wanatoka Sudan kuja kwetu. Baada ya shule, Mwalimu aliwafundisha bila malipo, miguu imevimba, amekaa juu ya debe. Sebit, fundi cherehani, alikuwa mmoja wao. "Sisi tunataka maneno ya kuomba kazi," anasema Sebit. "Mwalimu anasema hapana, kwanza 'worse'. Tulicheka. Yeye hakucheka."

Sasa sikilizeni. Mwaka jana, 1996, presha ilipoanza kumlaza, Mwalimu alimwita Poni, ambaye naye alikuwa amerudi kutoka kambini. Afisa alikuwepo chumbani.

"Poni, dada yangu," alisema, "zile siku tatu mimi nilikuwa nyuma yako kwenye foleni. Nilisikia unasema 'better'. Nilijua mtoto iko mbaya. Nilinyamaza. Nilikuwa mke wa askari, niliogopa watu wajue nimesoma, waanze kuuliza mimi ni nani. Na nilikuwa nimechoka."

Poni akasema, "Najua. Nilikuona."

"Unajua? Tangu lini?"

"Tangu siku ile unafungua darasa. Mtu anajua Kiingereza namna ile, na alikuwa nyuma yangu."

"Sasa kwa nini ulikuja kwangu?"

"Nilikuwa na mtoto mwingine," Poni akasema.

Afisa anasema hawakukumbatiana. Poni aliomba maji, akanywa, akaenda zake. Lakini wiki iliyofuata alirudi, akamwosha Mwalimu miguu. Akaendelea kuja kila wiki, mwaka mzima. Mimi sijui kama huko ni kusamehe. Sikuthubutu kumuuliza.

Afisa, dada yetu, pole sana, wewe na watoto. Mama Poni, pole. Watu wa Dranya na wa Oli, poleni. Mungu amrehemu Mwalimu Kaltumu, na ampumzishe.

Nanyi mnaonisikiliza, nawaomba mzime redio kidogo nikimaliza. Kama kuna jambo uliliona na hukulisema kwa sababu ulichoka au uliogopa, na aliyeumia bado yupo hai, nenda kwake. Pengine anajua tayari. Pengine amekungoja miaka kumi na mitano uende mwenyewe.