Mzee Fungua na Wimbo wa Sita

Ndugu, majirani, na ninyi mliofanya kazi na Baba, karatasi mlizoshika zilichapishwa Jumatano. Nitasoma yaliyomo kama yalivyo, maana mdogo wangu ameniapisha nisiongeze neno. Lakini ukurasa wa tatu una sentensi moja ya uongo. Niliiandika mimi, na nikiifikia nitasimama. Mnisamehe mapema.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1953, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya hospitali ambako babu yetu alikuwa mpishi. Alikuwa mtoto wa nne kati ya saba. Shangazi, yule pale mbele mwenye miwani, anasema alikuwa mtoto asiyelia hovyo. Akisikia masufuria yanagongana huko jikoni, ananyamaza kabisa na kutega sikio. Shangazi hutia chumvi, lakini hili tunamwamini.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1960 hadi 1967, kisha shule ya ufundi hadi 1971, akichukua umeme na mitambo. Aliwahi kufukuzwa wiki mbili kwa kuifungua redio ya mwalimu mkuu bila ruhusa. Redio ile ilikuwa bubu tangu mwaka uliotangulia. Aliporudi shuleni aliikuta inaimba ofisini kwa sauti ya juu, na hakuna aliyemwambia ahsante. Alikisimulia kisa hiki kila tulipoleta ripoti mbaya nyumbani, sijui kilitusaidia nini.

Mwezi Januari 1972 aliajiriwa kuwa fundi wa lifti, kazi aliyoifanya miaka thelathini na tisa mpaka alipostaafu tarehe 31 Machi 2011. Wenzake wapo hapa, wanajua. Wengine walianza kwa kufungua skrubu. Baba alianza kwa kuweka ncha ya bisibisi kwenye mtambo na mpini wake sikioni, akafumba macho. "Beringi ya juu, upande wa kushoto," anasema, nanyi mnafungua, mnaikuta beringi ya juu, upande wa kushoto. Watu waliokwama ndani ya lifti aliwapigia soga kupitia mlangoni ili wasipaniki. Mama mmoja alifunguliwa mlango akiwa anacheka, akakataa kutoka mpaka amaliziwe kisa.

Ndoa yake na marehemu Mama ilifungwa Jumamosi, tarehe 13 Agosti 1983. Mama alikuwa opareta wa simu katika jengo la ghorofa kumi na moja, na ndiye aliyepiga simu karakana kila lifti ilipogoma. "Fundi, lifti yetu imelala tena." Baba aliipenda sauti kabla hajamwona mwenyewe. Baada ya hapo lifti ile ikaanza kuugua kila wiki, na Baba anakwenda kuitibu, mpaka msimamizi wake akamuuliza, "Hebu nieleze, mgonjwa ni lifti au ni wewe?" Walijaliwa watoto wawili, mimi mwaka 1986 na mdogo wangu mwaka 1990.

Mama alikuwa mwimbaji wa kwaya ya wafanyakazi wa simu. Mwaka 1999 walirekodi CD moja tu, nakala mia mbili, nyingi zikaishia kwa wenyewe na jamaa zao. Wimbo wa sita aliuongoza yeye. Kabla kinanda hakijalia, mtu wa mitambo alisahau kukata sekunde mbili za mwanzo, na ndani yake unamsikia Mama anakohoa kidogo, anasema, "Haya, twendeni." Baba aliurudisha wimbo ule mwanzo kila mara, si kwa ajili ya wimbo. Mama alifariki tarehe 3 Februari 2003, na tangu hapo Baba hakuthubutu kuipiga CD ile. Hatukuwahi kumrekodi mahali pengine popote, wala kwenye simu. Nani alijua?

Sasa tupo ukurasa wa tatu. Karatasi yenu inasema hivi: "Mwezi Juni 2005 familia ilihama nyumba, na katika pilikapilika hizo boksi la CD za marehemu mkewe likapotea."

Halikupotea. Niliuza mimi.

Mdogo wangu usinivute nguo. Wacha niseme.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Rafiki yangu alikuwa na sherehe ya kuhitimu, na mimi niliona viatu vyenye kisigino dirishani, roho ikanituma. Siku ya kuhama, Jumamosi tarehe 18, wakati Baba anapakia vitanda, nilibeba lile boksi hadi duka la vitu vilivyotumika nikaliacha pale. Sikuwa nimekosa akili kabisa. Nililitoa kwanza kasha la CD ya kwaya, lenye picha yao wamesimama ngazini, nikaliweka ndani ya mkoba wangu. Nilijiambia, sauti ya Mama nimeibakiza, hizi nyingine ni makelele tu.

Lakini mnamjua Mama. Alikuwa na mikono isiyotulia. Akimaliza kusikiliza, anachomeka CD kwenye kasha lolote lililo karibu. Ukifungua la taarabu unakuta mazoezi ya viungo. Jioni ile kwenye nyumba mpya, Baba alikaa juu ya godoro lililofungwa kamba, akafungua kasha la kwaya. Lilikuwa tupu.

Aliniuliza, "Boksi liko wapi, mwanangu?" Nikasema, "Sijui Baba, labda limebaki kwenye lori." Akanitazama. Akasema, "Haya." Viatu vile nilivivaa mara mbili, vikanitoa malengelenge, nikavitupa.

Jumatatu, wiki mbili baadaye, nilipiga moyo konde nikarudi dukani. Boksi lilikuwa limeshagawanywa, limeuzwa kwa wenye maduka wengine.

Wanakwaya wenzake Mama nao waliulizwa, nakala zao zilishapotea au kuharibika. Basi ndipo Baba alipoanza. Kila Jumamosi asubuhi, miaka kumi na tisa, alizunguka maduka ya vitu vilivyotumika akitafuta CD za bei ya kutupa. Hakusoma majina ya nje hata kidogo, alifungua makasha. Kasha moja baada ya jingine, kreti zima, akianza na lile la chini kabisa ambako wenye duka hutupa zilizochakaa na zisizo na kava. CD akaishika kwa ncha za vidole, akaielekeza dirishani kutazama mikwaruzo, akaipangusa kwa shati kutoka katikati kwenda nje, akairudisha. Wauzaji wakambandika jina, Mzee Fungua. Na kwa kuwa huwezi kumfungulia mtu makasha mia ukaondoka mikono mitupu, alinunua. Nyumbani kuna CD zaidi ya mia sita ambazo hakuna aliyeziomba. Tuna masomo ya kupiga chapa. Tuna nyimbo za watoto za lugha ambayo hata mkwe wetu mwalimu haijui.

Na hakununua bila kubishana bei. "Hii ina mkwaruzo."

"Mzee, mkwaruzo umeuleta wewe kwa kuifunguafungua!"

"Basi nipunguzie, nimeufanyia kazi."

Mwaka 2008 nilianza kufuatana naye. Watu walinisifu, binti gani mwema. Wema gani, jamani! Nilikuwa natafuta kuiona kabla yake, niifiche kwenye nyumba kama vile ilidondokea nyuma ya kabati. Tulisimama bega kwa bega, yeye kreti lake, mimi langu, vidole vyetu vimejaa vumbi. Alinifundisha kufungua kasha lililokaza bila kuvunja meno yake. Alinisimulia mambo ya lifti. Nilimpenda mno Jumamosi zile, na kadiri nilivyompenda ndivyo nilivyozidi kushindwa kusema.

Duka alilolipenda ni la kona, la mama mmoja tunayemwita Mama Kona. Kuanzia mwaka 2019 Baba alikuwa na mtindo mpya. Tukimaliza makreti yetu, ananiambia, "Wewe tangulia, mimi nabaki kidogo na Mama Kona." Saa nzima! Familia ikapata la kusema. Shangazi alinunua kabisa kitambaa cha harusi. Nilimuuliza Baba siku moja kama kuna jambo, akacheka mpaka akashika ukuta. Nikamuuliza pia kama hajachoka na kufungua makasha. Akasema, "Nikichoka, mimi na wewe tutakutana wapi?"

Karatasi inaendelea. Mwezi Mei 2022 aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo kupanuka. Alitibiwa akiwa nyumbani, kisha akalazwa tarehe 2 Oktoba mwaka huu, chumba cha wanaume, kitanda cha karibu na lifti. Aliwaambia wauguzi lifti yao inahitaji grisi. Walicheka, lakini keshoye wakamwita fundi.

Jumapili mchana tulikuwa wawili tu. Nilimshika mkono nikasema, "Baba, lile boksi, siku ile tuliyohama..." Akasema, "Nipe maji, mwanangu." Nikaenda kumletea. Niliporudi aliishika glasi, hakunywa, akaanza kuniuliza habari za wajukuu. Nikasema moyoni, kesho. Jumanne, tarehe 15 Oktoba 2024, saa tatu asubuhi, alifariki, akiwa na miaka sabini na mmoja. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya dawa.

Hapo ndipo karatasi inapoishia kabla ya majina. Yanayofuata hayamo, kwa sababu nimeyajua juzi.

Alhamisi, wakati watu wamejaa sebuleni, Mama Kona alikuja. Alinivuta jikoni, akafunga mlango, akatoa kitu kilichofungwa kwa gazeti. Kasha la CD ya sauti za mvua, zile za kumsaidia mtu apate usingizi. Akasema, "Fungua." Nikafungua. Ndani ilikuwa CD ya kwaya ya wafanyakazi wa simu.

Nikamwambia, "Mama, umeipata lini? Kwa nini hukumpa akiwa hai?"

"Aliipata mwenyewe. Jumamosi ya tarehe 7 Septemba, mwaka 2019. Wewe ulikuwa upande wa pili wa meza, umeinama kwenye kreti lako. Aliiona, akafunga kasha, akanipa kimyakimya. Ulipoondoka akaniambia, hii usiiuze, na mimi siichukui."

"Kwa nini asiichukue?"

Mama Kona alijifuta macho kwa khanga. "Nilimuuliza hivyohivyo. Akasema, nikiirudisha nyumbani, binti yangu atajua kwamba nilijua."

Baba alijua. Alijua tangu wiki mbili za kwanza, mwaka 2005. Alikwenda kwenye lile duka siku mbili kabla yangu, na muuzaji akamweleza kwamba kuna msichana mrefu, ana mwanya, kaleta boksi. Alijua kwamba habari za lori zilikuwa uongo, na alijua miaka yote tuliyosimama bega kwa bega. Mama Kona anasema alimshauri mara nyingi, "Mzee, mwambie mtoto yaishe." Naye anamjibu, "Ana aibu sana yule. Ameshajiadhibu. Akitaka kusema atasema, nami nitashangaa kana kwamba sikujua." Jumapili ile hospitalini nilikuwa na neno mdomoni, naye akaliona, akaomba maji asiyoyataka.

Kwa hiyo miaka mitano, kila Jumamosi, Baba yetu alikaa kwenye kiti kilichotoboka nyuma ya duka la mtu, hedifoni masikioni, akamsikiliza mkewe saa nzima, halafu akaiacha palepale akarudi nyumbani bila hiyo. Kisha Jumamosi ifuatayo akaja kufungua makasha pamoja nami, akijua hakuna kitu ndani, kwa sababu aliogopa nisipokuwa na cha kutafuta sitakuja. Ningekuja, Baba. Wallahi ningekuja.

Nisameheni, nimalize.

Marehemu ameacha watoto wawili, mkwe mmoja na wajukuu watatu. Dada yake, Shangazi yetu, na baba mdogo mmoja. Mafundi aliowafundisha, ambao hata leo wanaweka bisibisi sikioni. Na Mama Kona, ambaye namwomba asogee akae na familia, hapa mbele. Shangazi, msogezee kiti.

Baba, boksi niliuza mimi. Nilitaka viatu. Nimesema mbele ya watu wote, nawe unaruhusiwa kushangaa.

Mdogo wangu ameleta redio ya CD, iko juu ya meza ile. Tutapiga wimbo wa sita, wenyewe, kwa sauti ya juu, wakati mnamteremsha. Msianze mpaka mmsikie mwanamke anakohoa. Huyo ndiye Mama. Akisema "Haya, twendeni," mwacheni Baba aende naye, apumzike.