Ufunguo wa Anayepanda Nguzo

Kwenye treni ya asubuhi, mbele yangu, fundi wa nyaya za umeme alipakata kofia yake ya kazi. Mama aliyeketi karibu naye akamchokoza: "Mbona nyaya zenu zimelegea kama kamba ya kuanikia ya mvivu?" Fundi akacheka. "Makusudi, mama. Joto linazirefusha, baridi inazifupisha. Tukizikaza mchana wa jua, usiku wa baridi zitakatika." Mama akaguna. Ni wazi kilichomsumbua hakikuwa nyaya. "Binti yangu anataka kuolewa na mmoja wenu," akasema. "Leo wananisubiri nitoe jibu. Sitaki mwanangu awe mjane hata jiko lake hajalizoea."

"Mbona ndege wanatua juu ya nyaya na hawafi?" fundi akamuuliza.

"Kwa hiyo mkwe wangu ni ndege?" Behewa zima likacheka, nami pia, ingawa moyoni nilishahamia upande wa bwana harusi.

Fundi akalainisha sauti. "Ndege anagusa waya mmoja tu, umeme hauna pa kupitia. Sisi tunazima kwanza, swichi tunaifunga kwa kufuli. Ufunguo anakaa nao anayepanda, mfukoni mwake mwenyewe. Hampi msimamizi, hampi rafiki, mtu asije akawasha umeme yeye akiwa juu."

"Na siku akiwa na haraka?"

Treni ikasimama. Mama akajitanda mtandio wake. "Basi mshahara simuulizi. Nitamuuliza ufunguo huwa anauweka wapi." Akashuka.

Fundi alitazama dirishani, mkono wake ukipapasa mfuko.