Bei ya Gemu Mpya Mlangoni kwa Kipa

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, limeegemea ukuta wa chumba cha gemu cha mume wangu, na ukikaa upande wa kushoto muombe Mungu mwenzako wa kulia asinyanyuke ghafla, maana utajikuta chini. Mimi si mtu wa hapo. Mimi nilikuwa wa kupita tu, shikamooni, marahaba, naingia ndani. Lakini mume wangu, wanayemwita Kipa kwa sababu alidaka ujanani, yuko kitandani wiki ya tano hii, mguu umefungwa plasta, alianguka ngazini akifunga antena ya jirani, basi funguo zikawa zangu, runinga mbili zangu, kelele zote zangu, na mtoto wa miezi kumi mgongoni, na gemu sijui, hata waya nikiuchomeka nafumba macho. Asubuhi ile nikaogopa kuliko siku zote. Ng'ambo ya barabara walibandika tangazo kwamba gemu mpya ya mpira, ya mwaka huu, imefika. Wateja wangu wakawa wanachungulia, wanauliza, mama, mpya ipo? Haipo. Wanavuka. Na hela niliyokuwa nayo ni moja tu, nimeifutika kwenye soksi ya mtoto, ya kumpeleka Kipa hospitali keshokutwa akakatwe plasta na kupigwa picha ya mfupa. Bei ya gemu mpya ni hiyohiyo, utadhani daktari na mwenye gemu walikaa meza moja wakapatana. Nikatoka nje kuwauliza wa kijiweni. Nilitaka neno moja tu, ninunue au nisinunue.

— Ghali! akasema Wembe kabla sijamaliza. Wembe ni kinyozi wa kibanda cha pili, ana jibu la kila kitu. Shemeji, hiyo siyo bei, huo ni wizi umevaa tai.

— Ghali kwa nani? akauliza Waya, fundi simu, bila kuinua uso kutoka kwenye simu aliyoipasua tumbo mapajani mwake. Wewe unanunua viatu vya mpira, miezi mitatu soli imekimbia. Gemu inachezwa mwaka mzima, umeiona imetoboka?

— Viatu nashika. Gemu unashika nini? Hewa!

— Unashika padi, ile ya kubonyezea.

— Padi inauzwa kivyake, Waya, usinichanganye!

— Ninyi watoto hamjui gharama, akasema Jenerali. Huyu ni mlinzi wa ghala la unga, jeshini hajawahi kukanyaga, ila kofia yake lazima uipishe. Yule mtangazaji mnayemsikia ndani ya gemu mnajua anaishije? Wamemfungia chumbani mwaka mzima. Anatamka jina la kila mchezaji. Kwanza kwa furaha. Halafu kwa huzuni. Halafu kwa mshangao, kama mtu kakosa goli la wazi. Majina maelfu! Chakula chake nani analipa?

— Anapitishiwa dirishani? akauliza Shangazi, mama muuza kahawa, huku anamimina.

— Dirishani. Na mkewe anaruhusiwa Jumapili tu.

Wembe akapiga paja.

— Mtangazaji mmoja, Jenerali. Mtu mmoja hawezi kula hela zote zile. Mimi nakwambia ni watazamaji! Uwanja mzima unaona watu wamejaa, wanapunga mikono, kila mmoja na sura yake. Wale ni watu kweli. Walipigwa picha. Sasa kila ukiwasha gemu, kila mmoja anadai chake.

— Hata wa jukwaa la nyuma kabisa? akauliza Waya.

— Wale ndio wanadai zaidi, walikaa juani.

— Basi nami nikapigwe picha, akasema Shangazi. Nitakaa na birika langu.

Wakacheka, mtoto mgongoni akacheka naye, mimi nikashindwa. Nikasema jamani, nimeuliza, ninunue? Wembe akaninyooshea kiganja kama anayesimamisha lori.

— Subiri, shemeji. Mimi sipingi kila gemu. Ya mwaka jana ilistahili bei yake. Zile nyasi! Nyasi za mwaka juzi zilikuwa kama mkeka umeanikwa mvuani. Mwaka jana nikaingia humu, nikaona jani moja moja. Nikasema hapa Kipa kanunua kitu.

— Kweli kabisa, akasema Waya, na sasa aliinua uso. Na kukimbia kwao. Mwaka jana mabeki walikuwa wepesi. Hiyo ni sayansi, sayansi hailipiwi hela ya vocha.

— Kila mwaka wanaupunguza mpira uzito, akasema Jenerali. Kidogokidogo. Kuna mtu kazi yake ni hiyo tu.

— Shemeji, Wembe akaniambia, ingia ndani utuletee zote nne. Ya kwanza mpaka ya mwaka jana. Tuzipange hapa, tusome nyuma ya makasha, tuone kila mwaka waliongeza nini. Tukijua hilo tutakwambia kama ya mwaka huu ni ghali au la.

Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa amesema jambo la kueleweka. Nikaingia. Nikavuta droo iliyo chini ya runinga, mimi nilikuwa sijawahi kuifungua, kila asubuhi nabonyeza tu pale Kipa aliponielekeza nibonyeze. Mlikuwa na kasha moja. Nikatoa waya, nikatoa padi mbovu, nikapapasa mpaka nyuma, vumbi, kasha moja. Na chini yake daftari kubwa la shule, mwandiko wa Kipa, kurasa kwa kurasa: fulani katoka timu ile kaenda ile, jezi namba fulani, nywele amenyoa, fulani kastaafu mtoe. Kila mstari una alama ya tiki. Juu ameandika msimu wa pili, mbele huko msimu wa tatu, msimu wa nne.

Nikakaa chini sakafuni. Maana nilijua zile siku. Kila mwaka, wiki mbili kabla ya msimu, alikuwa anajifungia humu tangu alfajiri, mimi nje nasikia padi inalia ta-ta-ta-ta, na mwaka jana nilikuwa na mimba kubwa, nabeba maji mwenyewe, nikasimama mlangoni nikamtukana, nikamwambia nimeolewa na mtoto, mtoto mwenye ndevu, anacheza peke yake wakati mkewe anavunjika mgongo. Alitoka, akachukua ndoo, akajaza pipa, akarudi akajifungia.

Nikawaza nilifiche daftari. Niseme droo imefungwa, funguo anazo Kipa. Hawa ndio wateja wangu wakubwa, wakijua miaka minne wamechezeshwa kitu kilekile watavuka barabara wote watatu na benchi lao. Lakini mimi uongo siuwezi, nikidanganya shingo inaota madoa. Nikatoka na kasha moja na daftari.

— Ipo hii tu, nikasema. Nyingine ziko wapi?

Wembe akaligeuza kasha, Waya akafungua daftari. Nikampigia Kipa simu, nikaweka sauti nje.

— Kipa, gemu nyingine ziko wapi?

Akauliza kwanza:

— Uko na nani hapo?

— Wote.

— Wasalimie.

— Kipa!

— Ni hiyo moja, mama. Nilinunua ya kwanza, zilizofuata bei ikanishinda. Nikawa nahamisha wachezaji kwa mkono. Mmoja mmoja.

— Ulituambia umenunua mpya, akasema Jenerali kwa ile sauti yake ya getini.

— Mkuu, mimi nilibandika karatasi mlangoni kwamba msimu mpya umeanza. Na ulikuwa umeanza. Mkaanza kunipongeza. Ningewasahihisha, najua. Niliogopa mtaondoka.

— Na nyasi? akauliza Wembe, taratibu sana.

— Nyasi zipi?

— Nyasi za mwaka jana, Kipa! Jani moja moja!

— Nilifuta kioo cha runinga, Wembe.

Wembe akasimama. Alisimama ghafla mno, na Waya aliyekuwa ncha ya pili akashuka na ubao mpaka chini, simu ya watu juu ya kifua chake, na hakuna aliyemwinua kwa sababu Shangazi alikuwa amejishika mbavu na Jenerali amejifunika uso kwa kofia, mabega yanatikisika. Mimi sikucheka. Mimi nilikuwa na swali langu.

— Hela uliyokuwa unaweka akiba ya zile mpya uliipeleka wapi?

— Mama, tuongee nyumbani.

— Hapa.

— Mtihani wako wa mwisho wa sekondari unadhani ada alilipa nani? Mjomba wako?

Ndivyo nilivyodhani. Hata kadi ya asante nilimwandikia mjomba. Alipoipokea akanyamaza, nikasema mjomba mnyenyekevu. Nikabaki na simu mkononi mpaka Kipa akawa anauliza halo, halo, mmekata?

Jenerali akavaa kofia vizuri.

— Kipa, mwaka jana ulihamisha wangapi?

— Mia nne na kidogo.

— Kwa vidole?

— Kwa vidole, mkuu. Alfajiri kumi na nne.

— Na bei ya mechi hukuipandisha.

— Ningeipandisha kwa lipi?

Jenerali akanigeukia mimi.

— Shemeji, mtu kakaa alfajiri kumi na nne kubonyeza kwa ajili yangu, halafu nije nimuulize kama nimeibiwa? Pole, Kipa, mkuu wangu. Uguza mguu.

— Mimi nimeibiwa nyasi, akasema Wembe. Lakini nilizifurahia, sitasema uongo.

Waya alikuwa bado chini, anasoma daftari palepale alipoangukia.

— Hii kazi ni siku mbili tukigawana, akasema. Wembe, wewe wahamaji wote unawajua kichwani. Taja. Mimi nabonyeza.

Soksi sikuifungua. Keshokutwa Kipa atakatwa plasta, iwe isiwe, na wanaotaka mpya ya kweli waende ng'ambo, ni haki yao, pengine kule nyasi zimeota kweli, nani anajua, hakuna hata mmoja wetu aliyeiona. Nimeyaandika haya kwa sababu mchana ule nilitaka kuwaambia ahsanteni na sikuwaambia. Waliingia wote. Kibanda cha kunyolea kilifungwa, mteja mmoja akabaki na nusu kichwa akaambiwa arudi saa tisa. Shangazi aligawa kahawa ya mwisho, akaligeuza birika kuonyesha limekwisha, na badala ya kwenda zake akanifungua mtoto mgongoni akamweka mapajani mwake. Nilikuwa nimesahau mgongo wangu ukoje bila uzito.

Wembe anataja, Waya anabonyeza, Jenerali anahakikisha, mimi naandika na kutia tiki. Na Kipa kwenye simu, sauti bado nje, anasahihisha akiwa kitandani: siyo jezi saba, kumi na saba.

Tulikuwa tumefika kama wa thelathini pale mlango ulipotiwa giza. Mwanamume mmoja mgeni, ovaroli ya karakana, mikono ina grisi. Akatazama runinga.

— Ndiyo ile mpya?

Padi ikanyamaza. Wembe mwenye majibu yote akaangalia dari. Jenerali akapata kazi na kifungo chake. Wote wakaniachia mimi, na kutoka pale mlangoni tangazo la ng'ambo linasomeka vizuri kabisa.

— Siyo mpya, nikasema. Ni ya miaka minne. Majina tu ndiyo tunayahamisha, kwa mkono. Mpya iko kule.

Akageuka akatazama kule. Akatazama tena runinga, akainama kidogo, kama fundi anayesikiliza injini.

— Yule beki mfupi mmeshamhamisha?

— Yupi? akauliza Wembe.

— Wa kushoto. Amesaini jana jioni.

Waya akamtazama Wembe. Wembe akamtazama Jenerali. Walikuwa hawana habari.

— Mwandikeni basi, akasema yule bwana, akavua viatu mlangoni.

Nikamwandika.