Nanga ya Nereah

Okeyo mshona viatu alifika kijiweni pale mtaa wa Raila uso umemshuka. Akaketi kwenye benchi iliyo mbele ya karakana ya Injinia, mchomeleaji, mahali Mama Mutanu huuza kahawa na habari yako hufika kabla yako. Mkewe Nereah alikuwa Mombasa tangu Januari, akiwapikia mabaharia karibu na bandari, na huko akaokota lugha yao yote. Asubuhi hiyo alikuwa amempigia simu. "Baba Alvin, mimi nimeng'oa nanga," akasema, simu ikakatika. Okeyo akipiga, imezimwa. Hakujua kama ameachwa ama vipi, na jamani, mwanaume kutojua kama bado ana bibi si mchezo.

Collins, ambaye husikiza taarifa za redio mpaka wakamwita Kamusi, akaanza:

— Tulia, buda! Kung'oa nanga ni kuanza. Si kwa redio wanasema mashindano yameng'oa nanga? Huyo amefungua hoteli yake.

— Na mbona hakusema hoteli? Okeyo akauliza.

Injinia akadakia:

— Nanga ni chuma, tena nzito. Bibi yako ameingia biashara ya skrapu. Ukisikia meli imepotea huko Mombasa, usijifanye hujui.

Wakacheka. Okeyo naye akacheka kidogo, ila akaangalia simu yake tena.

— Usijali, Kamusi akasema. Wahenga walisema, aendaye tezi na omo, marejeo ni ngamani.

— Tezi? Hiyo si ugonjwa ya wazee?

— Ni sehemu za meli, Injinia! Tezi ni nyuma. Omo ni...

— Omo ni sabuni, Mama Mutanu akamkatiza. Nimefulia nayo jana.

Murunga, waliyemwita Pasta kwa sababu ya kuombea hata kahawa, alikuwa akinywa yake. Akaweka kikombe chini.

— Biblia inasema tumaini ni nanga ya roho. Sasa mtu aking'oa hiyo...

Okeyo alimpenda Nereah, lakini tangu aende alikuwa akimuuliza tu habari za kazi. Hofu ikamshika waziwazi.

Mwongeli, mgeni aliyeleta jiko lake lichomelewe mguu, alikuwa amesimama hapo akisikiza.

— Pole kuingilia. Hiyo nanga aling'oa, ilikuwa imeshika wapi? Huko Mombasa ama hapa?

Okeyo alielewa swali vizuri kuliko wote: kama ilikuwa imeshika huko, basi Nereah yuko njiani anakuja. Kama ilikuwa imeshika hapa, ameenda moja kwa moja.

Akainuka.

— Sasa unaenda wapi? Injinia akamuuliza.

— Nyumbani. Naenda kuosha nyumba.

— Na asipokuja?

— Nitalala kwa nyumba safi, Injinia. Wacha niende.