Yuliana Mong'ina, Aliyeisubiri Kwaya Nje ya Kanisa

Mpendwa wetu Yuliana Mong'ina Ratemo, tunayemlaza leo Alhamisi, tarehe 2 Januari 1975, alizaliwa Kenyenya mwezi Machi mwaka 1921. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mzee Ombati na mama Nyamoita. Siku yenyewe haikuandikwa popote. Mama yetu alisema tu kwamba wimbi la shambani lilikuwa limeota hadi kwenye kifundo cha mguu. Baada yake walizaliwa wanne, na aliyebaki hai ni mmoja, kitinda mimba Nyasani, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya.

Marehemu alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Mwaka 1935 mama yetu alifariki, naye Yuliana, akiwa na miaka kumi na minne, aliacha shule ili amlee mdogo wake wa miaka sita. Alimpikia, alimwogesha, na jioni alimchorea herufi kwa kijiti kwenye majivu ya jikoni. Aliposikia kwamba mtoto amedanganya, hakumpiga. Alimwita, akamkalisha mbele yake na kusema, "Haya, nieleze tena, polepole." Nyasani aliogopa hayo maneno kuliko fimbo.

Mwaka 1944 alianza kuwasaidia wakunga katika zahanati moja upande wa Nyamira, na akajifunza kazi hadi akawa mkunga wa kutegemewa. Wachumba wawili walikuja kumposa wakati huo. Aliwaambia wasubiri mpaka mdogo wake amalize shule, nao hawakusubiri. Aliyesubiri ni Ratemo. Walioana tarehe 16 Septemba 1950, wakahamia huku kwetu karibu na Mosocho, na hapa ndipo alipozalisha akina mama mpaka alipopumzika kazi mwaka 1972. Wengi wenu mliosimama hapa mlipokelewa na mikono yake.

Ratemo alitoka katika familia ya Sabato na hakuiacha njia yake, kama vile Yuliana hakuuacha Ukatoliki wake. Jumamosi huyu alipumzika, Jumapili yule, na majirani walitania kwamba katika boma lile ni ng'ombe tu wasiokuwa na dini. Hata hivyo kila tarehe 24 Desemba Ratemo alimsindikiza mkewe hadi kanisani, akakaa nje kwenye jiwe lililo karibu na mlango, akamsikiliza mpaka wimbo wa mwisho. Alipoulizwa kwa nini haingii, alijibu, "Sikukuu si yangu, lakini mke ni wangu." Alikaa kwenye jiwe lile kila mwaka hadi alipofariki mwaka 1969.

Kwaya ya kigango chetu aliifundisha tangu 1961. Hapa ndipo ilipo habari ambayo lazima niifikie, ingawa ningependa kuipita. Marehemu alikuwa na sheria moja tu. Wakati wa Majilio kwaya iimbe nyimbo za kungoja. Nyimbo za Noeli ziimbwe tarehe 24, saa kumi alasiri, wala si siku moja kabla. Vijana walilalamika kwamba makanisa ya mjini yanaanza mapema. Aliwajibu, "Mimi nimekaa na wanawake wenye uchungu. Mtu akipiga vigelegele na mtoto hajalia, ninamtoa nje, hata awe mama mkwe. Sasa Mariamu nimfanyie vingine kwa nini?" Mwaka 1966 aliitwa kuzalisha siku hiyohiyo ya tarehe 24. Kanisa zima lilimngoja hadi saa kumi na mbili. Alipoingia, mikono bado ina maji, hakuomba radhi. Alisema tu, "Mtoto amelia. Imbeni," na sijasikia kwaya ikiimba vile tena.

Mwezi Novemba mwaka jana alishikwa na kifua. Alilazwa hospitalini wiki mbili, akatoka tarehe 30, akaambiwa akae ndani na asipatwe na baridi.

Katika karatasi ya kwanza niliyoandika, baada ya hapo nilisema: "Hali yake ilibadilika ghafla sikukuu ya Noeli." Nilimpa Kwamboka, binti yake wa kwanza, aisome. Aliisoma akanirudishia, akauliza swali moja. "Mjomba, na nguo zililowa wapi?" Jibu langu kwa mtoto wa dada yangu ni hili ninalolisoma sasa. Kwa hiyo naomba niache kujiita Nyasani, niseme mimi.

Mimi ni mwenyekiti wa halmashauri ya kigango. Jumapili ya kwanza ya Desemba tulikutana, na ndugu Okoth, anayeongoza sauti za besi, akaleta ombi. Yeye na wenzake wanaofanya kazi mjini Kisii hurudi kwao upande wa ziwa ifikapo tarehe 20. Kila mwaka ibada ya nyimbo ya tarehe 24 hubaki na besi tatu, na mmoja wao ni mimi, ambaye afadhali ninyamaze. Aliomba ibada isogezwe hadi Jumapili tarehe 15, ili na wao wamwimbie Bwana pamoja nasi. Halikuwa ombi baya. Tulikubaliana wote, halafu Okoth akauliza, "Na mama mwalimu tutamwambiaje?" Wakanitazama. Nikasema, "Ni dada yangu. Niachieni mimi."

Nilimwendea siku ya Jumanne. Nilipitia soko la Daraja Mbili nikamnunulia ndizi mbivu, zile ndogo anazopenda. Nilimkuta ameketi kitandani na daftari lake la nyimbo magotini. Aliniuliza, "Besi za Okoth zimekaa sawa?" Nikasema zimekaa sawa. Tukaongea habari za ng'ombe. Nilitoka nikijiambia nitamweleza Ijumaa. Ijumaa nilimtengenezea bawaba ya mlango, nikarudi nyumbani.

Jumamosi jioni kwaya ilikuwa kwenye mazoezi. Okoth alinivuta pembeni akaniuliza, "Mzee, mama alisemaje?"

Nikamwambia, "Amekubali. Lakini imemuuma kidogo, kwa hiyo msimkumbushe."

Ndiyo maana hakuna hata mmoja wenu aliyemtajia. Nyinyi hamna kosa. Mlimtembelea, mkamwombea, mkanyamaza kwa heshima kwa sababu mimi niliwadanganya. Tarehe 15 kanisa lilijaa hadi mlangoni, besi zilinguruma, watu wakanipongeza kwa kupanga vizuri. Niliona fahari, na nasikia haya kusema kwamba niliiona. Jumatano nilimtembelea tena. Aliniambia, "Tarehe 24 nitakuja hata kwa kukokotwa." Nikamjibu apone kwanza. Moyoni nilitegemea kwamba hataweza kuinuka. Nilitegemea ugonjwa wa dada yangu unifunikie uongo wangu.

Siku ya Jumanne, tarehe 24, aliinuka. Persis, binti yake mdogo anayeishi naye, alikuwa amekwenda sokoni Mosocho. Marehemu alivaa sare ya kwaya, blauzi nyeupe na sketi ya buluu, akachukua fimbo ya Ratemo na daftari, akatembea peke yake hadi kanisani. Alikuta mlango una kufuli. Mvua ya alasiri ikaanza. Alidhani mvua ndiyo iliyotuchelewesha, basi akakaa kwenye jiwe lile la mumewe, akaficha daftari kifuani, akatungoja.

Jirani yetu mama Gesare, ambaye ni wa Sabato, ndiye aliyemkuta akitoka kupeleka majani chai. Amenipa ruhusa niyarudie maneno yao. Alimwambia, "Mama Kwamboka, hii mvua yote unafanya nini hapa?"

"Nangoja kwaya. Imechelewa."

"Kwani hawakukuambia? Hiyo nyimbo ya Krismasi waliimba Jumapili ile ingine. Mimi nilisikia mpaka kwangu."

Marehemu akauliza kama Nyasani alikuwepo. Mama Gesare akasema ndiye aliyesimama mbele kukaribisha wageni. Dada yangu akasema, "Basi alisahau kuniambia. Ana mambo mengi." Mbele ya jirani, ameloa hivyo, bado alikuwa ananistiri. Mama Gesare alimtupia kanga yake mabegani akampeleka nyumbani, na Kwamboka alipofika jioni kutoka Nyamira alimkuta anatetemeka.

Nilikwenda siku ya Noeli baada ya misa. Misa yenyewe ilikuwa na watu wachache, na nyimbo ziliimbwa kivivu, kama viporo. Nilisimama mlangoni, kwenye bawaba niliyoitengeneza mwenyewe, nikashindwa kuingia. Akaniita nikae mbele yake. Akasema, "Haya, nieleze polepole." Nina miaka arobaini na mitano, nimeoa, nina kiti kanisani, na nilieleza kila kitu nikilia.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Besi zilikuwa ngapi?"

Nikasema, "Kumi na moja."

"Zilisikika vizuri?"

"Vizuri sana, dada."

Akafumba macho. Nilidhani amelala. Halafu akasema, "Ungeniambia, Nyasani. Ningegomba. Ningegomba sana. Halafu ningekuja kuwafundisha." Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyonipa mimi. Kifua kilimzidi, akarudishwa hospitalini tarehe 27, na alitutoka Jumapili, tarehe 29 Desemba 1974, saa tatu asubuhi, Kwamboka na Persis wakiwa wamemshika mikono.

Ibada hiyo ifanywe lini mwaka huu, mimi sina tena mdomo wa kusema. Nimeurudisha uenyekiti. Wanakwaya wakae, wabishane waziwazi, na asiyekubali aambiwe usoni. Najua sasa kwamba angeweza kuvumilia tarehe yoyote. Nilimwogopa mtu aliyenilea, na kwa kumwogopa nikamwacha kwenye mvua.

Ameacha watoto watatu, Kwamboka, Mogire na Persis, wajukuu wawili, mdogo wake mmoja asiyestahili, na watoto wa kigango hiki aliowakata vitovu, ambao hatukuweza kuwahesabu.

Ndugu Okoth na wenzake wamekatiza sikukuu yao wakafika jana jioni. Wamesimama pale nyuma, wote. Katika daftari la marehemu, ambalo halikulowa, ukurasa wa mwisho ameandika kwa mkono wake: "Noeli ni mpaka Epifania, msiache kuimba mapema." Leo ni tarehe mbili tu, dada, Epifania haijafika. Kwa sheria yako tumo ndani ya wakati. Ulale kwa amani, wala usiamke kutungoja, tumeshafika.

Okoth, mtoto amelia. Imbeni.